Jengo refu na daftari la mita: New York ilivyolazimika kujua inachotumia

Ndugu mkulima, na wewe mwenye duka au mashine ya kusaga, hapa tumezoea kuongelea mbegu, mbolea na bei za gulio. Leo nakupeleka New York, Marekani, kwenye maghorofa, nikueleze sheria inayomtaka mwenye jengo kubwa aandike kila mwaka amekula umeme kiasi gani na maji kiasi gani, kisha apeleke hesabu hiyo jijini ilinganishwe na ya wenzake. Usiondoke. Kisa chenyewe kinaanzia kwa wakulima waliozamishiwa mashamba, na mbele kidogo utakuta kiwanda cha chai ambacho wenye hisa ni wakulima kama wewe.

Tuanze na maji. Maji ya New York hayatoki New York. Karibu asilimia 90 yanatoka milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, mengine yakisafiri zaidi ya kilomita 150 ndani ya mahandaki. Jiji lilipokuwa likipungukiwa, lilipanda mlimani na kuzamisha bonde jingine. Bwawa la Ashokan, lililojengwa kati ya 1907 na 1915, liliwaondoa karibu watu 2,000 kwenye nyumba na mashamba yao, na makaburi yakahamishwa pia. Ujenzi wa mabwawa mengine uliendelea hadi miaka ya 1960.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Muda wote huo, huku vijiji vya juu vinahamishwa, nyumba nyingi za kuishi mjini hazikuwa na mita ya maji. Mwenye nyumba alitozwa kwa upana wa jengo lake upande wa mtaani, idadi ya ghorofa, na idadi ya sinki, bafu na vyoo. Bomba likivuja mwaka mzima, bili haibadiliki. Ukiziba, haibadiliki vilevile. Hebu fikiria mnada ambao ng'ombe anauzwa kwa urefu wa pembe, halafu watu washangae kwa nini hakuna anayenenepesha.

Mwaka 1988, baada ya ukame uliolisumbua jiji katika muongo ule, New York ilianza mpango wa kufunga mita kwa kila nyumba. Halafu kati ya 1994 na 1997 jiji likawarudishia wenye nyumba sehemu ya gharama ili wabadilishe vyoo vya kuvuta. Choo cha zamani kilimeza karibu lita 19 kwa mvuto mmoja, kipya lita 6. Vikabadilishwa vyoo zaidi ya milioni 1.3. Mwaka 1990 jiji lilikuwa linatumia zaidi ya lita bilioni 5 kwa siku. Mwaka 2010 lilitumia chini ya bilioni 4, ingawa watu walikuwa wameongezeka kutoka milioni 7.3 hadi milioni 8.2. Hakuna bonde jipya lililozamishwa. Tena mwaka 1997 jiji lilisaini mkataba na vijiji vya juu: badala ya kujenga mtambo wa mabilioni wa kuchuja maji yote hayo, linawagharamia wakulima mabanda ya kuhifadhia samadi na uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie mtoni. Ukisikia mtu anasema mita ya mjini haimhusu mkulima, mkumbushe Catskill.

Nishati ilichelewa zaidi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilifunga mauzo ya mafuta kwa Marekani, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda kama mara nne. Hata sisi Tanzania tuliumia. Serikali ya Marekani ikataka kujua mafuta yanakwenda wapi, na ilipofika kwenye majengo ikakuta hakuna takwimu za kutosha. Mwaka 1979 ikafanya kwa mara ya kwanza uchunguzi wa nchi nzima wa majengo ya biashara: ukubwa, kazi inayofanyika ndani, saa za kufungua, nishati inayotumika. Uchunguzi huo umekuwa ukirudiwa kila baada ya miaka kadhaa, na bila huo hakuna sheria yoyote kati ya hizi ninazokusimulia ambayo ingewezekana.

Mwaka 1992 shirika la serikali la mazingira, EPA, lilianzisha alama ya Energy Star, kwanza kwenye kompyuta. Miaka ile ya 1990 ilipokuwa inakwisha, EPA ikatengeneza programu ya bure kwa ajili ya majengo, iitwayo Portfolio Manager. Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo twende polepole.

Mkulima wa kwanza amevuna gunia 60, wa pili gunia 30. Nani mkulima bora? Huwezi kusema. Wa kwanza ana eka tano, wa pili eka mbili, basi ni gunia 12 kwa eka dhidi ya gunia 15. Jengo ni vivyo hivyo. Unachukua umeme, gesi, mafuta na mvuke wa mwaka mzima, unavigeuza kwenye kipimo kimoja cha joto, unagawanya kwa ukubwa wa sakafu. Lakini hata gunia kwa eka haitoshi, maana mmoja ana mvua na mwingine hana. Kwa hiyo programu inauliza mambo mengine: wafanyakazi wangapi, saa ngapi kwa wiki, kompyuta ngapi, baridi na joto la mahali hapo vikoje. Kisha inakulinganisha na majengo ya aina yako yaliyo kwenye ule uchunguzi wa nchi nzima, na kukupa alama kati ya 1 na 100. Alama 50 maana yake uko katikati kabisa. Ukipata 75 kwenda juu unaweza kuomba cheti.

Kuna jambo moja wengi hulikosa. Programu haihesabu tu umeme uliosomeka kwenye mita yako. Inahesabu pia nishati iliyopotea huko kwenye mtambo wa kuuzalisha na njiani kwenye nyaya. Wewe unayenunua mkaa utaelewa haraka: gunia moja la mkaa jikoni ni rundo kubwa la kuni lililokwisha porini. Ukipima gunia peke yake umejipunja ukweli.

Kwa miaka kadhaa kazi hii ilikuwa ya hiari, na ya hiari hufanywa na wale ambao tayari wanajali. Mwaka 2007 meya wa New York, Michael Bloomberg, alitoa mpango mkubwa wa jiji, na hesabu zake zilionyesha kuwa karibu robo tatu ya hewa chafu ya jiji inatokana na majengo, siyo magari. Desemba 2009 baraza la jiji likapitisha sheria nne kwa mpigo. Ile iliyobeba zote ni Sheria ya Jiji namba 84: kila jengo lenye zaidi ya futi za mraba 50,000 lipeleke hesabu ya nishati na maji kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Mei. Futi 50,000 ni eka moja na kidogo, ukizitandaza ghorofa zote chini kama mikeka. Majengo ya ukubwa huo yalikuwa kama asilimia 2 tu ya majengo yote, lakini yalikuwa yanakula karibu asilimia 45 ya nishati.

Ujue pia kilichoondolewa. Rasimu ya mwanzo ilitaka mwenye jengo, akishakaguliwa, alazimike kufanya marekebisho yenye faida. Wenye majengo wakapinga kwamba huu si wakati wa kuwabebesha gharama, na kipengele hicho kikafutwa kabla ya kura. Kilichobaki ni kupima, kukaguliwa na kutangazwa. Watu wa mazingira walinung'unika. Mimi naona walipoteza kidogo kuliko walivyodhani, na utaona kwa nini tukifika 2019.

Kutekeleza sheria hiyo kulikuwa kazi. Taarifa za kwanza, za mwaka 2010, zilipelekwa mwaka 2011, na matatizo yalijitokeza mahali ambapo hata wewe ungeyakuta. Kwanza, ukubwa wa sakafu. Unadhani mwenye jengo anajua ukubwa wa jengo lake? Wapo walioandika eneo linalokodishwa, wapo walioandika eneo la kwenye kodi ya jiji, na alama ikapanda au kushuka bila mtu kuzima taa hata moja. Ni sawa na mkulima anayesema ana eka tatu wakati kamba inasema mbili na robo. Mavuno yake kwa eka hayataaminika, na mbolea atakayonunua itakuwa ya eka isiyokuwepo.

Pili, mafuta ya kupashia joto. Hayana mita. Gari linakuja, linajaza tenki, linaondoka. Ikabidi kukusanya risiti za mwaka mzima na kuangalia kilichobaki tenkini. Mwenye mashine ya dizeli hapa kijijini anajua shida hiyo. Majengo mengine ya Manhattan hununua mvuke, maana tangu 1882 kuna mabomba ya mvuke chini ya barabara za kule, yanauzwa na kampuni kama umeme unavyouzwa. Mvuke hupimwa kwa ratili.

Tatu, na hili ndilo lililosumbua kuliko yote, wapangaji. Katika majengo mengi mpangaji ana mita yake na bili inakwenda kwake. Mwenye jengo hana haki ya kuiona. Sheria ikamtaka awaombe wapangaji wa biashara taarifa zao, nao wakatakiwa kuzitoa. Jengo lenye wapangaji mia moja lina fomu mia moja, na mpangaji wa ghorofa ya kumi na mbili amesafiri. Njia iliyosaidia ni kampuni ya umeme kujumlisha mita zote za jengo na kutoa namba moja, bila kufichua mtu mmoja mmoja anatumia nini. Mwanzoni ilifanya hivyo kwa ada. Upande wa maji kulikuwa rahisi: idara ya maji ya jiji, kwa majengo yenye mita zinazojisoma, iliziingiza namba yenyewe kwenye programu. Ile kazi iliyoanza mwaka 1988 ikalipa miaka ishirini baadaye.

Faini ya kutopeleka ilikuwa dola 500 kwa kila robo mwaka iliyopita, isizidi dola 2,000 kwa mwaka. Kwa jengo la ghorofa arobaini hiyo ni pesa ya maua ya mapokezi. Kilichouma ni kutangazwa.

Mwaka 2012 alama za majengo makubwa ya biashara zikatolewa hadharani, kila mtu asome. Jengo la Chrysler, la mwaka 1930, lilipata 84. Empire State, la 1931, lilipata 80. Jengo jipya la 7 World Trade Center, lililofunguliwa 2006 likiwa na cheti cha dhahabu cha ujenzi wa kijani, lilipata 74, alama moja chini ya kiwango cha Energy Star. Na Seagram, jengo la kioo la 1958 ambalo wanafunzi wa usanifu hufundishwa kulisifu, lilipata 3. Tatu kati ya mia.

Si uchawi. Majengo ya zamani yana kuta nene na madirisha madogo, na kioo chembamba cha miaka ya 1950 kinavujisha joto kama ungo. Cheti cha ujenzi hutolewa zaidi kwa jinsi jengo lilivyosanifiwa, ila mita inasoma jinsi watu wanavyoishi ndani yake. Kisha Empire State halikupata 80 kwa bahati. Kuanzia 2009 mwenye jengo alitengeneza upya madirisha yote 6,514, akiyatoa, kuweka utando na gesi katikati ya vioo, na kuyarudisha, kazi ikifanyika humohumo ndani ya jengo ghorofa ya tano. Nyuma ya vyuma vya kupasha joto wakabandika vizuizi vinavyong'aa ili joto lirudi chumbani badala ya kupasha ukuta wa nje. Lengo la kazi nzima lilikuwa kupunguza nishati kwa asilimia 38 na kuokoa dola milioni 4.4 kwa mwaka. Sehemu ya kazi hizo, ukiangalia vizuri, fundi wa wilayani angeziweza.

Miji mingine ilikuwa inakwenda njia hiyohiyo. Washington na Austin zilikuwa na sheria zao tangu 2008, Seattle 2010, San Francisco 2011, Boston na Chicago 2013, Los Angeles 2016, ambayo iliunganisha nishati na maji tangu siku ya kwanza na kushuka hadi majengo ya futi 20,000. Chicago naipenda kwa jambo moja: kila baada ya miaka mitatu mtaalamu mwenye leseni sharti athibitishe namba kabla hazijapelekwa. Hiyo ingeokoa aibu nyingi za New York mwaka wa kwanza.

New York nayo iliendelea kukaza. Mwaka 2016 kiwango kilishushwa hadi futi 25,000, yaani zaidi kidogo ya nusu eka. Sheria ya 2018 ikaleta herufi: kuanzia 2020 jengo linabandika mlangoni karatasi yenye A, B, C au D, kama zile karatasi za usafi za migahawa ya kule. Alama 85 kwenda juu ni A, chini ya 55 ni D, na asiyepeleka hesabu kabisa anapewa F. Asiyebandika anatozwa dola 1,250. D zilikuwa nyingi.

Halafu ikaja Aprili 2019, Sheria namba 97. Kumbuka kile kipengele kilichofutwa mwaka 2009. Sasa kila jengo la zaidi ya futi 25,000, isipokuwa machache yaliyopewa utaratibu mwingine, lina kikomo cha hewa chafu kulingana na ukubwa na kazi yake. Vikomo vilianza 2024, taarifa za kwanza zilitakiwa Mei 2025, na kuanzia 2030 vinakazwa zaidi. Ukizidi, unalipa dola 268 kwa kila tani. Jengo lililozidi tani 100 linadaiwa dola 26,800 kwa mwaka huo, wakati faini ya zamani iliishia dola 2,000. Na vikomo hivyo vilipangwa kwa kutumia namba zipi? Zilezile ambazo wenye majengo wenyewe walikuwa wakizipeleka tangu 2011. Aliyetumia miaka ile kuziba mianya aliingia 2024 akiwa mtulivu. Aliyekuwa anajaza fomu ili tu yaishe alikuta namba zake zinamsubiri.

Je, kupima peke yake kunapunguza matumizi? EPA iliangalia majengo 35,000 yaliyotumia programu yake mfululizo kati ya 2008 na 2011, ikakuta nishati imeshuka kwa wastani wa asilimia 7. Usiimeze namba hiyo nzima. Anayeandika daftari miaka mitatu bila kukatisha ni mtu makini tangu mwanzo, na huenda angepunguza hata bila programu. Nasi maafisa ugani tunaliona kila msimu: wenye kumbukumbu huvuna vizuri, lakini haijulikani ni kumbukumbu ziliwasaidia au wenye bidii ndio wanaoandika. Na kuna fundo ambalo kupima hakulifungui: mwenye jengo ndiye anayelipia dirisha jipya, mpangaji ndiye anayepungukiwa bili. Wewe uliyepanga fremu sokoni, jiulize kama mwenye fremu atakubadilishia paa linalovuja joto ili friji yako ile uniti chache.

Sasa turudi kwetu. Mwenye mashine ya kusaga, soma mita ya umeme kila Jumamosi jioni na uandike gunia ulizosaga wiki hiyo. Gawanya uniti kwa gunia. Namba ikianza kupanda wakati mahindi ni yaleyale, angalia mkanda, beringi na nyundo kabla ya kulaumu shirika la umeme. Jumuiya ya maji nayo ilinganishe kilichotoka kwenye tenki na jumla ya mita za vituo; tofauti ndiyo inayovuja.

Na kwa wasomaji wetu wa Kenya mnaolima chai, sheria ya aina hii tayari inawahusu. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 zinasema kituo chochote kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati angalau mara moja kila miaka mitatu, na mwenye nacho achukue hatua za kufikia angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa na mkaguzi. Uniti 180,000 ni 15,000 kwa mwezi. Feni za kunyausha majani na mashine za kusaga chai hupita hapo bila shida, kabla hujahesabu kuni za boila. Kiwanda kilicho chini ya KTDA ni mali ya wakulima wenye hisa, na gharama hiyo hukatwa kabla ya bonasi. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka omba uambiwe uniti ngapi zimetumika kwa kilo moja ya chai kavu, na kuni kiasi gani, mwaka huu na mwaka jana. Uliza ripoti ya mwisho ya ukaguzi ni ya mwaka gani, ilipendekeza nini, na kipi kimefanyika. Uliza kabla hesabu ya bonasi haijasomwa, maana ikishasomwa kila mtu anatafuta gari la kurudi nyumbani.